Mama Masikio na Mtoto Asiyepimwa

Ukitaka kuongea na Profesa, simama kulia kwake. Hilo ndilo jambo la kwanza nililoambiwa nilipoajiriwa kuwa fundi wa mitambo katika idara ya afya ya jamii, na aliyeniambia ni mama wa chai.

"Ukisimama kushoto utaongea na ukuta," alisema huku akinimiminia kikombe. "Halafu utakuja hapa kulalamika kwamba ana maringo."

Wengi walilalamika hivyo. Walimsalimu kwenye ngazi wakiwa upande usiofaa, akapita kimya, wakasema usomi umempanda kichwani. Uprofesa wenyewe alikuwa hajaupata bado. Tulimwita hivyo kwa utani, na yeye aliupokea utani ule kama alivyopokea mambo mengi, kwa kuinua nyusi na kuendelea na kazi.

Sikio lake la kushoto lilikufa akiwa mtoto. Alizaliwa kwa watu ambao majirani waliendelea kuwaita watu wa msituni hata baada ya msitu wenyewe kuzungushiwa ua na wao kuhamishiwa uwanda ulio wazi, kwenye nyumba za bati zilizopangwa mistari kama madawati. Nyumba zilikuwa finyu na zenye moshi, bomba la maji lilikuwa moja, na watoto walilala wamebanana hivi kwamba mmoja akikohoa, wote wamekohoa. Mafua yalihamia masikioni. Masikio yalitoka usaha, yakakauka, yakaanza tena, mpaka ngoma ya sikio ikatoboka na mtoto akawa anajibu "eh?" kwa kila anachoambiwa. Watu wakazoea. Walichukulia kwamba ndivyo utoto ulivyo: mtoto huota meno, hutoka usaha, hukua.

Yeye aliponea upande mmoja. Mdogo wake wa kiume, anayemfuata kwa kuzaliwa, hakuponea kokote. Shuleni Profesa alikalia dawati la mbele, pembeni kushoto, ili sikio zima limwelekee mwalimu, na ndiyo maana alifaulu. Mdogo wake alikalishwa nyuma kwa sababu alikuwa mrefu, na kabla mwaka haujaisha akarudishwa nyumbani na ujumbe kwamba kichwa chake ni kizito. Kichwa kizito! Yule mtu hata mimi ninayeishi kwa kufungua na kufunga mitambo sijapata kuona anayemfikia kwa akili ya mikono. Alikuwa seremala. Alitazama mlango uliopinda, akauzunguka mara moja, akarudi na kipande cha mbao ambacho hakikuhitaji kurandwa tena. Watu wa pale walimwita Bubu. Profesa alilichukia jina hilo, kwa hiyo mimi nitamwita Seremala.

Kaka na dada hawa waliongea kwa mikono. Haikuwa lugha ya ishara ile inayofundishwa. Ilikuwa lugha yao ya nyumbani, waliyoitengeneza wenyewe wakiwa watoto, na ilikuwa na maneno ya vitu vya nyumbani tu: maji, mvua, mama amekasirika, njoo ule, yule ana kiburi. Mke wa Seremala aliijua, na watoto wao waliijua. Duniani kote waliokuwa wakiielewa wangeenea kwenye mkeka mmoja.

Alipopata nafasi ya kufanya utafiti wake mwenyewe, Profesa hakusumbuka kuchagua mada. Alitaka kupima masikio ya watoto wote wa kwao, mwaka hadi mwaka, ili siku moja mtu mwenye cheo asiweze kusema hakujua. Kamati ya maadili ya chuo ilimpa kibali kwa kusuasua. Mjumbe mmoja alimuuliza mbele ya wenzake, kwa sauti ya mzaha, "Sasa wewe humo ni mtafiti au ni mgonjwa?" Wakacheka. Wakampa sharti: kwa kuwa anatoka kwenye jamii hiyo hiyo, asimwingize kwenye utafiti ndugu yake wa damu hata mmoja, isije ikaonekana amejaza watu wake.

"Sawa," alisema. Alikuwa amejiandaa kukubali masharti mabaya zaidi ya hayo.

Safari yetu ya kwanza tulipanga vifaa kwenye chumba cha stoo cha shule ya msingi, kwa sababu ndicho pekee chenye kuta nene. Nilitundika mablanketi madirishani kuzuia kelele. Mtoto anakaa kwenye kiti, anavishwa spika za masikioni kubwa kuliko uso wake, na kila akisikia mlio anainua mkono. Ni kazi tamu kuitazama, mpaka unapogonga mlio mkubwa, ukaona sindano ya mashine imepanda, na mtoto amekaa ametulia, anakutabasamia, anasubiri uanze.

Watoto wa namna hiyo walikuwa wengi. Zaidi ya nusu ya darasa.

Mlangoni palikuwa na kabinti ka miaka mitano hivi kalikokataa kuondoka. Kaliongea bila kupumua. Kaliniuliza mashine inakula nini, kwa nini nina kipara, kama ninamjua dereva wa lori la magogo, kama mablanketi yale nitayaacha. Kijijini walikaita Chiriku, na hakuna aliyehitaji kueleza sababu. Alikuwa binti wa Seremala, na ndiye aliyekuwa masikio ya baba yake: mteja akija kuagiza meza, Chiriku alisimama katikati akigeuza maneno kuwa mikono na mikono kuwa maneno, akiongeza na maoni yake mwenyewe juu ya bei.

"Na mimi nivae hiyo kofia," aliniambia akionyesha spika.

Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kumpa. Profesa akanizuia.

"Hapana, Fundi. Huyo ni damu yangu."

"Acheze tu, Profesa. Sitaandika."

"Leo utasema hutaandika, kesho mtu atamwona kapita hapa akavaa, ataenda kusema. Wananingoja niteleze hao." Kisha akainama. "Njoo, mwanangu. Shangazi akuchungulie kwa tochi."

Alimchungulia masikio yote mawili, pembeni, nje ya chumba. Yalikuwa safi. Alifurahi hadi akambeba juu juu, mtoto akipiga kelele, na Seremala alitoka kwenye kivuli cha karakana yake, akawatazama na kucheka kile kicheko chake kisicho na sauti.

Basi tukawa tunakwenda kila mwaka. Watu wa pale wakampa Profesa jina la Mama Masikio. Mama akimwona tu barabarani alimgeuza mtoto kichwa ili achunguliwe, hata kama amekuja kwenye msiba. Alikuwa na tochi mkobani daima. Lakini kibali chake kilikuwa cha kupima, na hakikuwa cha kutibu. Dawa za matone alinunua mwenyewe, akagawa mpaka zikaisha, kisha akawaambia waliobaki waende zahanati, na zahanati ilikuwa mbali, na ukifika unaambiwa dawa ya masikio haijaja. Alijua wataambiwa hivyo. Aliwaambia waende hivyo hivyo, kwa kuwa hakuwa na la kuwaambia lingine.

Makala zake zilisomwa. Alialikwa nchi za watu, akasimama kwenye majukwaa yenye maua, akarudi na mikoba ya mikutano ambayo mama wa chai aliigawa kwa wajukuu zake. Wizarani walimwita mara kadhaa, na mara moja nilikwenda naye kuendesha mashine ya kuonyesha picha ukutani. Alionyesha ramani, alionyesha michoro, alionyesha picha ya sikio la mtoto kwa ndani, lenye tundu kama shimo la panya. Mkurugenzi alivua miwani.

"Profesa, hii kazi ni nzito sana," alisema mkurugenzi. "Kwa kweli umetufungua macho."

"Nashukuru. Sasa ninachoomba ni muuguzi mmoja mwenye mafunzo ya masikio, na dawa zisikatike."

"Naam. Hilo tunalichukua."

"Mnalichukua kwenda nalo wapi?"

Watu wakacheka, naye mkurugenzi akacheka, akidhani ni utani. Mwaka uliofuata walitualika tena, na mkurugenzi alikuwa mwingine. Yeye pia alivua miwani.

Hatimaye kijijini pakajengwa kituo cha afya. Kilikuwa na rangi nzuri, na mgeni rasmi alikata utepe. Muuguzi alipelekwa, akakaa, akaolewa, akahama. Aliyekuja baada yake alikuwa mkunga hodari ambaye masikio aliyaogopa. Dawa zilikuja zikiwa zimebaki na muda mfupi kuharibika. Sisemi kuna mtu aliyefanya ubaya. Kila mtu uliyemfuata alikuwa mpole na mwenye sababu ya kweli, na hilo ndilo lililomchosha Profesa. "Afadhali ningempata mmoja wa kugombana naye," aliniambia tukiwa garini.

Katikati ya miaka hiyo, Chiriku alianza kutoka usaha masikioni. Profesa alimtibu kwa matone, yakakauka. Alimtibu tena, yakakauka, yakarudi. Kila tulipokwenda, yule mtoto alikuwa anaongea kidogo zaidi, na kwa sauti kubwa zaidi, kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Wateja wa baba yake walianza kulalamika kwamba anawapa vipimo visivyo. Mke wa Seremala, wifi yake Profesa, alisema kwa upole, "Wifi, wewe si ndiye daktari wa haya mambo?"

"Mimi si daktari wa kutibu, wifi yangu. Ni daktari wa kusoma."

"Wa kusoma." Wifi alilirudia neno hilo kama mtu anayeonja chumvi, akaendelea kupepeta.

Chiriku alikuwa na miaka kumi na moja zilipokuja habari njema kuliko zote. Kundi la madaktari wa upasuaji kutoka nje, waliosoma makala za Profesa, waliamua kuja kuziba masikio yaliyotoboka, bila malipo. Wangefika na darubini zao, wangepasua kwenye hospitali ya wilaya, na watoto wangesafirishwa kwa basi. Profesa alipopata habari ofisini alifunga mlango. Nilimsikia akicheka peke yake, na baadaye nikagundua kwamba hakuwa anacheka.

Mratibu wa madaktari alikuwa mama mmoja mpole, mwenye macho ya usingizi, mwenyeji kama sisi. Alieleza utaratibu shuleni, wazazi wamejaa hadi nje. Watoto watakaopasuliwa ni wale waliopimwa kwenye utafiti, kwa sababu madaktari walihitaji vipimo vya miaka ya nyuma ili kuonyesha upasuaji umesaidia kiasi gani. Bila ushahidi huo, wafadhili wao wasingewaruhusu kurudi.

Nilimwangalia Profesa. Alikuwa amesimama ameshikilia meza.

Siku ya basi, Seremala alikuja na binti yake. Alikuwa amemwogesha mpaka anang'aa, amemvisha gauni la sherehe na viatu ambavyo dhahiri viliazimwa, maana aliburuta miguu ili visichomoke. Walisimama kwenye mstari na wengine. Walipofika mbele, mratibu alitafuta, akatafuta tena, akasema kwa upole kwamba mtoto huyu hayumo.

Seremala hakusikia. Aliendelea kutabasamu, akimsogeza binti mbele.

Profesa alimvuta mratibu pembeni, kando ya basi. Mimi nilikuwa napakia mashine, nikasikia yote.

"Mama, huyo ni mtoto wa mdogo wangu. Masikio yote mawili. Nimeyatibu kwa mkono wangu, nayajua."

"Hana vipimo, Profesa."

"Fundi ampime sasa hivi. Mashine hiyo hapo."

"Vipimo vya leo havina vya jana yake. Na akiwa ni ndugu yako, ndiyo mbaya zaidi. Nikimpandisha huyu, wale wazazi pale watasema nini? Kuna watoto hamkuwafikia, nao wamekuja. Nimewarudisha tangu asubuhi."

"Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu."

"Profesa." Mratibu alimshika mkono, na machozi yalikuwa yanamlenga yeye, si Profesa. "Sharti la ndugu liko kwenye utafiti wako mwenyewe. Madaktari wamelisoma, ndiyo maana wanakuamini."

Ilibidi amwambie mdogo wake. Alikwenda akasimama mbele yake, akainua mikono, na mikono ikabaki hewani. Katika lugha yao ya nyumbani hapakuwa na ishara ya maadili. Hapakuwa na ishara ya upendeleo, wala ya ushahidi, wala ya kamati. Alitafuta. Alijigusa kifua, akamgusa mdogo wake kifua, akamgusa mtoto, akachora mshipa kwenye mkono wake, damu moja, kisha akatikisa kidole: hapana.

Seremala alimtazama. Akarudia ishara zile polepole, kuhakikisha amezielewa. Wewe. Mimi. Huyu. Damu moja. Hapana?

Profesa akatikisa kichwa kukubali. Angefanyaje? Ndivyo ilivyokuwa, na wala sivyo ilivyokuwa.

Chiriku alikuwa anamtazama mmoja, kisha mwingine. Alizijua ishara zote. Seremala alimshika mkono, wakaondoka, na yule mtoto hakuburuta tena miguu. Alivua viatu akavibeba.

Wale waliopanda basi walipasuliwa, na wengi wao leo wanasikia. Lazima niseme hilo. Kuna kijana mmoja sasa ni kondakta, anasikia hata usichomwambia. Madaktari waliahidi kurudi. Huko kwao kukatokea mabadiliko, hawakurudi.

Profesa alimchukua Chiriku mjini, akae naye na mumewe, ambaye alikuwa mwalimu mstaafu. Kwa kipindi kirefu maisha yake yakawa ni mabenchi. Hospitali ya rufaa ilikuwa na bingwa mmoja wa masikio, naye alikuwa masomoni. Akarudi, mashine ya kupiga picha kichwa ikawa imeharibika. Mashine ikapona, bingwa akawa likizo. Pale kwenye benchi Profesa hakutumia cheo chake, na siku alipoamua kukitumia, muuguzi wa zamu alimjibu bila hata kuinua uso, "Hata wenye vyeo wana masikio, mama. Kaa, utaitwa." Kwenye ukuta nyuma ya yule muuguzi palibandikwa tangazo la kuhimiza wazazi kuwahi hospitali, lenye mchoro uliotoka kwenye makala yake. Alinionyesha kwa kidole.

Bingwa alipompata mtoto mezani, alikuta usaha umekula vifupa vidogo vya ndani. Alipasua kusafisha, ili usile zaidi. "Nimeokoa kichwa," alisema. "Usikivu sikuweza." Akamwandikia kifaa cha kuvaa sikioni. Kilipatikana, na kiliponguruma darasani kama nzi kwenye chupa, wenzake walicheka, Chiriku akakitia mfukoni. Profesa alimbembeleza avae. Mume wake alimbembeleza. Siku moja kikapatikana ndani ya ndoo ya kufulia, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuuliza kilifikaje.

Kwa Seremala, mambo yalikwenda hivi. Hakumgombeza dada yake wala hakumfukuza. Dada akienda kijijini alimpokea, alimpa kiti, mkewe alimpikia. Lakini Profesa akiinua mikono kuanza kusema, Seremala aligeuza macho kwenye ubao wake. Mimi na wewe tukinuniana, bado nitakusikia ukiongea hata nikikupa kisogo. Yeye akigeuza macho, mazungumzo yamekwisha, na huna pa kupitia. Profesa alizunguka meza ili awe mbele yake. Alizunguka tena. Naye alikuwa anaranda mbao tu, makini, maranda yakimdondokea miguuni, mpaka dada yake akashusha mikono.

Uprofesa wa kweli ukaja katika miaka hiyo. Chuo kikaandaa hotuba ya heshima, ukumbi mkubwa, majoho. Mada ilikuwa ulemavu na afya katika jamii za asili, na kichwa chake kiliandikwa kwa herufi za dhahabu kwenye kadi. Wiki kadhaa kabla, Profesa aliwaambia waandaaji kwamba katika wageni wake kuna binti asiyesikia, ambaye kwa sasa anajifunza lugha ya ishara, hivyo atafutwe mkalimani. Wakasema bila shaka. Alifika siku yenyewe akakuta maua, kamera na maji ya chupa.

"Mkalimani yuko wapi?" aliuliza.

Mwandaaji alijipiga paji la uso. "Jamani! Tumesahau kabisa. Profesa, tutakuwa naye mara nyingine."

Nilikuwa naunganisha kipaza sauti, nikamwona anafikiri kuvua joho. Nilimwona kweli. Kisha Makamu Mkuu wa chuo akaingia na wageni wake, watu wote wakasimama, muziki ukapigwa. Akapanda jukwaani. Chiriku alikaa safu ya mbele kando ya mume wa Profesa, na kwa muda alijitahidi kumsoma shangazi yake midomo, shingo imenyooka. Baadaye akatazama dari. Baadaye akalala, kichwa begani kwa mzee. Profesa alisoma hotuba yote, juu ya watu ambao mambo yao huzungumzwa wao wakiwa hawamo, na alipomaliza ukumbi ulisimama kumpigia makofi. Makofi yalitetemesha viti, na mtoto akaamka, akaona watu wamesimama, naye akasimama akapiga.

Niliwapeleka nyumbani.

Baada ya hapo Chiriku alipata nafasi kwenye shule ya bweni ya viziwi. Profesa alihangaikia nafasi hiyo, na nadhani hilo ndilo jambo moja lililokubali kunyooka. Kule akapata lugha kamili na marafiki, akapata na ukorofi wake wa zamani. Akiwa likizo alikuwa anahesabu siku za kurudi. Sasa yuko kwenye kiwanda cha uchapaji, anasimamia mashine ya kukata karatasi, na mkubwa wake anasema hajawahi kupata mfanyakazi anayemkatalia kwa haraka hivyo.

Mume wa Profesa alifariki muda mfupi kabla mkewe hajastaafu. Seremala alikuja kwenye mazishi na begi lake la vifaa. Alikaa baada ya watu wote kuondoka, akakarabati milango ya nyumba ile mmoja mmoja, hata iliyokuwa mizima. Asubuhi moja dada yake alimpelekea chai, akamwona anamtazama usoni. Akaweka kikombe chini, akainua mikono. Aliniambia kwamba aliogopa kugusa mengine. Akasema mvua itanyesha. Seremala akatazama mawingu, akajibu kwamba haitanyesha leo. Basi, wakaishia hapo.

Mwaka jana, tayari amestaafu, kijana mmoja mtafiti, mwenye shahada ya uzamivu, alikuja kumtembelea, nami nilikuwepo kwa sababu huwa nampelekea magazeti. Alikuwa msikivu, mnyenyekevu, alikaa upande wa kulia bila kuambiwa. Ana mashine mpya, ndogo kama simu. Anataka kupima watoto wa kijiji kile kile.

"Nimesoma kila ulichoandika, Profesa. Ningependa baraka zako."

"Ukishapima, itakuwaje?"

"Tutatoa mapendekezo."

Nilidhani atamcheka, au atamfukuza. Alimwambia atoe kalamu. Kisha akaanza kumweleza: chumba gani shuleni kina kuta nene, nani wa kumsalimia kwanza, asiende msimu wa mavuno. Alimpa hata jina la muuguzi wa kituoni. Kijana aliandika haraka haraka, akashukuru mara nyingi, akaondoka.

"Kwa nini umemsaidia?" nilimuuliza.

"Nimkatalie nini? Nimwambie asipime?" Alijifuta miwani kwa ncha ya kanga. "Na akipima, Fundi? Sijui. Nimekaa hapa nikitafuta la kumwambia ambalo mimi mwenyewe sikulijaribu, sikulipata."

Jumapili iliyofuata Chiriku alikuja na mchumba wake, kijana wa kiwandani, kiziwi pia. Seremala na mkewe walikuwa wamekuja kumwona huyo mkwe. Tulikaa mezani. Vijana wale wawili waliongea kwa mikono kwa kasi ambayo macho yangu hayakuifikia, wakacheka, wakagombana juu ya kitu, wakacheka tena. Seremala alifuata kwa shida, binti yake akimpunguzia mwendo kila mara kwa ishara za nyumbani. Wifi aliacha kujaribu akaanza kugawa chakula.

Profesa aliinama upande wangu.

"Wanasema nini?"

"Sijui, Profesa."

"Nilianza kujifunza," alisema. "Vidole havikunjiki tena." Akaendelea kuwatazama, na walipocheka naye alicheka, kidogo, akichelewa.